Nilienda China kula, sikufuata mzigo

Pale Addis kwenye foleni ya kuunganisha ndege ya Guangzhou, akina mama watatu wa Kariakoo waliniuliza nafuata mzigo gani. Nikawaambia sifuati mzigo. Wakaangaliana, halafu mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia habari za msiba, sasa mwenzetu unaenda kufanya nini? Nikasema naenda kula. Walicheka mpaka yule wa mbele akageuka.

Lakini ndo ukweli wenyewe. Mimi ni mpishi wa shughuli, mtu wa Tanga ninayeishi Dar, napika pilau na biriani za harusi mwaka wa kumi na moja sasa, na mdogo wangu wa kiume ndo mwenye biashara, anaenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka. Kila akirudi namuuliza kule umekula nini ananiambia "wali na kuku". Yaani mtu anaenda nchi kubwa vile anarudi na wali na kuku! Nikaweka akiba miaka miwili nikamwambia safari hii naenda na wewe, halafu wewe ukihangaika na makontena yako mimi naendelea peke yangu, miji ya Xi'an na Chengdu, siku kumi na nne jumla. Naandika haya kwa sababu katika hizo siku, tatu nzima nilizipoteza kwa ujinga wangu, na hela kadhaa pia, na nyingine nililia kabisa hotelini, wala sioni aibu kusema.

Kosa la kwanza ni simu. Kila mtu alinambia kule hawatumii hela ya karatasi, wanaskani tu, nikasema nikifika nitaweka hiyo Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu. Nimefika, nimeipakua kwa shida, naingiza kadi yangu ya benki, benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yangu ya Tanzania, na laini yenyewe nilikuwa sijaiwashia huduma ya kutumika nje. Kwahiyo namba inatumwa na mimi siioni. WhatsApp nayo kwenye wifi ya hoteli haifunguki, Google haifunguki, siwezi hata kumpigia mtu wa benki nimlalamikie. Hivi vitu vimefungwa kule, siyo kwamba mtandao mbovu, mimi usiku wa kwanza nilikuwa nazima simu na kuwasha kama mtu anayefufua jenereta.

Basi jamani, haya mambo yamalizie nyumbani. Weka Alipay ukiwa bado sebuleni kwako, weka na WeChat kama akiba, unganisha kadi ya Visa au Mastercard, piga picha pasipoti yako humo humo, na hakikisha laini ya nyumbani inapokea ujumbe ukiwa nje hata kama hutainunulia bando. Ukitumia laini ya nyumbani iliyowashwa huduma ya nje, au eSIM ya kimataifa (laini isiyo na kadi), WhatsApp inafanya kazi, ila ukinunua laini ya kule inafungwa. Na programu ya kutafsiri ipakue mapema na lugha yake iwe ndani ya simu. Halafu jua kwamba kwa kadi ya kigeni Alipay wanakata asilimia 3 malipo yakizidi yuan 200, chini ya hapo hawakati. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya yuan moja kwa shilingi 360, ndo hesabu zote humu.

Hela ya karatasi siyo kwamba wanakataa, kisheria wanatakiwa wapokee, tatizo ni chenji. Siku ya pili jioni nikamkuta mzee mmoja anachoma viazi vitamu kwenye pipa, harufu ile ile ya viazi vya kuchoma vya kwetu, nina noti ya yuan 100 tu. Kiazi bei yake haifiki hata 10. Mzee amejitundika karatasi ya kuskani shingoni, ananionyesha, mimi namwonyesha noti, ananionyesha tena. Mwisho akachukua kiazi akakifunga kwenye karatasi akanipa, akanipungia mkono niende zangu. Nilikila nimesimama pale pale kando ya barabara na machozi yananitoka, sijui ni uchovu au ni nini.

Sasa hizo siku tatu za mwanzo nilikula wapi? Xiaobei. Wanaokujua Guangzhou wanapajua, ndo mtaa wa Waafrika, unapata ugali, unapata wali wa nazi kwa mtu anayejua nazi, unapata samaki wa kukaanga. Siusemi vibaya, wapishi wa pale wananifundisha hata mimi. Ila mdogo wangu alinikuta napata ugali siku ya tatu mchana akaniambia, "Dada, umepanda ndege ukaja kula ugali?" Ilinichoma kwelikweli, maana mimi ndo niliyekuwa namcheka kwa wali na kuku.

Ukweli nilikuwa naogopa, na sababu ya kuogopa ilikuwa ipo. Asubuhi ya pili nilinunua kile kiandazi cha mvuke chenye nyama ndani, cheupe, kizuri kwa macho. Nikaandika kwenye simu "hii ni nyama gani", mama muuzaji akajibu, simu ikasema "nyama". Nikauliza tena, "nyama". Basi mimi nikajua ni ng'ombe. Nimekwisha kula nusu ndo mdogo wangu ananikuta, anakiangalia, anasema dada hiyo ni kitimoto. Mimi sili nguruwe maisha yangu yote. Nilisukutua mdomo sijui mara ngapi, mpaka jioni sikutaka kuona chakula.

Kumbe Mchina akisema nyama tu bila kutaja mnyama, ni nguruwe. Ng'ombe atataja, kondoo atataja, kuku atataja. Yule mama hakunidanganya hata kidogo, alinijibu sawasawa, mimi ndo sikujua kusikia. Na hata mboga za majani wanaweza kukaangia mafuta ya nguruwe, au wakanyunyizia nyama ya kusaga kidogo juu na bado wakaiita sahani ya mboga. Kama huli, usiulize "ni nyama gani", andika mapema kwenye simu kwa Kichina sentensi kamili kwamba huli nguruwe wala mafuta yake, ihifadhi kama picha, mwonyeshe mtu kabla hujaagiza. Na jifunze kuyatambua maandishi haya mawili, 清真, yanasomwa qingzhen, ni halali. Mara nyingi yanakuwa kwenye kibao cha kijani, na migahawa ya tambi za Lanzhou ipo karibu kila mji, unaona mtu anauvuta unga kwa mikono mpaka unakuwa nyuzi. Bakuli la supu ya ng'ombe na tambi zake nililipa kati ya yuan 15 na 20. Mimi hayo maandishi mawili niliyachora kwenye kiganja kwa kalamu kama mwanafunzi anayeiba mtihani.

Kilichonitoa Xiaobei ni ajenti wa mdogo wangu, mama mmoja wa makamo wa pale pale Guangzhou. Alisikia habari ya kile kiandazi akacheka, halafu akasema kesho saa mbili asubuhi njooni tunywe chai. Mimi nikajua chai ni chai. Loh! Kule kunywa chai ya asubuhi ni shughuli, ukumbi mkubwa umejaa wazee na wajukuu, kelele kama chakula cha harusi kimefunguliwa, na vikapu vya mianzi vinafuka mvuke juu ya meza. Chai ya kwanza ikaja, mimi nataka kuinywa, mama akanizuia, akaimimina kwenye vikombe na vibakuli akavisuuza navyo na vijiti, akayamwaga yale maji kwenye bakuli kubwa. Ya pili ndo tukanywa, haina sukari, usiulize sukari. Akikumiminia unagonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndo asante. Birika likiisha hupigi kelele, unaliacha mfuniko umekaa upande, mhudumu anajua anakuja kuongeza maji.

Alinichagulia yeye vitafunwa, vya kamba, vya samaki, vya wali uliofungwa kwenye majani, kila kimoja akimhoji mhudumu kwa ajili yangu. Ikaja miguu ya kuku. Akaniangalia usoni kunisoma, maana anasema wageni wengi hapo ndo wanashtuka. Mimi! Mtu niliyekulia miguu ya kuku na supu yake pale nje ya stendi! Ila yao wanaikaanga kwanza halafu wanaichemsha kwa mvuke na sosi yenye maharage meusi yaliyochachushwa, ngozi inavimba inakuwa laini kama sponji, unaiacha mifupa kwenye sahani. Niliila yote, mama akaagiza nyingine. Toka hapo akawa ananiita dada yake.

(Hoteli nazo. Mwisho wa Oktoba Guangzhou kuna yale maonyesho makubwa ya biashara, Canton Fair, na yapo tena Aprili. Chumba ambacho mdogo wangu hulipia 200 tulilipia 410. Na ile wiki ya kwanza ya Oktoba usijaribu kabisa, ni likizo yao ya taifa na nchi nzima iko barabarani.)

Kwenda Xi'an nilipanda treni ya mwendokasi, safari ya kama saa nane hivi, nililipa zaidi kidogo ya yuan 800. Ndege wakati mwingine ni rahisi zaidi, ila nilitaka kuona nchi. Tiketi ni pasipoti yako, hakuna karatasi, kwahiyo jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na fika stesheni saa moja kabla maana mizigo inapitishwa kwenye mashine na ile stesheni ya kusini ni kama uwanja wa ndege, nilitembea mpaka kiatu kikanibana. Beba chupa ya kuhifadhi joto. Ndani ya treni kuna bomba la maji ya moto bure, na Wachina wanakunywa maji ya moto matupu hivihivi, kwetu ukimwona mtu mzima anakunywa maji ya moto matupu unamuuliza anaumwa nini. Siku ya tano mimi mwenyewe nilikuwa nayatafuta.

Xi'an nilikuta baridi ambayo sikujiandaa nayo, nina sweta moja na kanga mbili. Nikanunua koti sokoni, muuzaji kasema 260 nikalipata kwa 120, nadhani bado nilipigwa.

Huko ndo nilitulia. Kuna mtaa wa Waislamu wa pale, Wahui, na ndani yake Msikiti Mkuu ambao chanzo chake wanakitaja mwaka 742. Usitegemee kuona kuba. Ni nyua zinazofuatana, mapaa ya Kichina yaliyopinda pembe, miti, ndege, ukishaingia ile kelele ya barabarani inakatika. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe alikuwa anafagia majani, nikamsalimia Assalaam alaykum, akaacha ufagio kabisa. Waalaykumu salaam. Tukaishiwa maneno hapo hapo! Basi nikafanya ishara ya kula. Akanishika mkono wa koti akanitoa nje, akanionyesha kidole upande ule ambao watalii hawaendi, uchochoro wa pili kushoto.

Hapo somo lake ni kwamba ile barabara kubwa ya mtaa huo, yenye taa na mishikaki mikubwa kama fimbo, ni ya kupiga picha. Ingia vichochoroni ambako hakuna anayekuita. Uchochoro wa yule mzee ulikuwa na mgahawa wenye meza sita, wanauza yangrou paomo, na hii sahani imenifundisha adabu. Wanakupa bakuli tupu na mikate miwili migumu, unaikata mwenyewe kwa vidole. Mimi nikaimega haraka haraka kama mtu anayetia chapati kwenye mchuzi, nikampa mama wa jikoni. Akaangalia, akanirudishia. Akachukua kipande kimoja akakimega mbele yangu mpaka kikawa kama punje ya mahindi, akanionyesha, akaenda zake. Nikatazama meza za pembeni, watu wanamega taratibu wanapiga soga, wengine ni mzee na mke wake wala hawaangaliani, wanamega tu. Ilinichukua karibu nusu saa na kucha zikauma. Bakuli likaenda jikoni, likarudi na supu ya kondoo, tambi nyembamba, nyama, na pembeni kitunguu saumu cha kuchachusha chenye utamu. Kila punje ya mkate imenyonya supu ila haijavurugika. Vipande vyangu vya mwanzo vingekuwa uji nje na vikavu ndani, mama wa jikoni alijua. Yuan 38. Nilirudi pale siku tatu mfululizo.

Na ni Xi'an hiyo hiyo nilipoumia. Barabarani kulikuwa na keki kubwa ya karanga, zabibu kavu na ufuta, imeshindiliwa kama tofali, bei imeandikwa 15. Nikaonyesha kipande, jamaa akakata, akapima, simu ikasoma 180. Shilingi elfu sitini na tano ya kashata! Mimi nilifikiri 15 ni kwa kilo, kumbe ile bei ni kwa liang, yaani gramu 50. Alikuwa ameshakata na watu wamejaa nyuma, nikalipa huku moyo unaniuma. Kule vipimo vya sokoni ni jin, ambayo ni gramu 500, na liang hiyo ya 50, ukiona namba uliza ni ya kipimo gani, na mwambie mtu akupimie kabla kisu hakijashuka. Ile kashata nilikuwa naila mpaka ndege ya kurudi, kwa hasira.

Wale askari wa udongo, zile sanamu za kale za Xi'an, nilienda kuwaona, waliogunduliwa na wakulima wakichimba kisima mwaka 1974. Nenda mapema asubuhi. Picha zake mmeshaziona.

Chengdu ni chini ya saa nne kwa treni, mahandaki mfululizo mpaka masikio yanaziba. Nilifika usiku, na saa tano usiku dada wa mapokezi wa kihoteli nilichokilipia mtandaoni aliangalia pasipoti yangu akasema hawawezi kuandikisha mgeni wa nje. Nikamwonyesha malipo, akaomba radhi kwa simu, akarudia. Nimekaa kwenye sofa pale na begi langu nalia kimya kimya, najiuliza hivi kweli mwanamke mzima nimefuata nini huku. Baadae yeye huyo huyo akanitafutia kingine mtaa wa pili akanisindikiza kwa miguu, nilichukua chumba cha 230. Ukilipia hoteli ndogo watumie ujumbe kwanza, uwaulize wanapokea wageni wa kigeni, na jibu lao ulihifadhi.

Kesho yake nimelala mpaka saa sita, nimezunguka, nafika mgahawani saa tisa na dakika kumi alasiri. Viti vimeunganishwa, mpishi kalala juu yake na aproni usoni. Kule chakula cha mchana ni kuanzia saa tano na nusu, saa nane jiko limezimwa, na cha jioni wanaanza saa kumi na moja na nusu. Ukija na ratiba ya Dar utakula biskuti.

Jioni nikaenda kwenye hotpot, ile sufuria ya mchuzi unaochemka mezani unapikia humo mwenyewe, nilitafuta yenye kibao cha halali maana ule mchuzi wa pale wanautengeneza kwa mafuta ya ng'ombe na nilitaka uhakika. Mimi na pilipili tunajuana toka utotoni, kwahiyo dada aliponionyesha sufuria iliyogawanywa, upande mkali na upande wa supu nyeupe, nikakataa kwa dharau, nikachukua kali yote. Ukali niliuweza. Sikujua hiyo huajiao, vipunje vyekundu kama pilipili manga iliyopasuka. Haiunguzi, inalaza. Umewahi kutafuna karafuu kwa ajili ya jino bovu? Ile ganzi, sasa iwe mdomo mzima, midomo inatetemeka yenyewe, maji ukinywa unayasikia yana chumvichumvi. Na nilikuwa nimeagiza sahani saba peke yangu, maana bei ni ya sahani moja moja na picha zinavutia, mezani kwangu wangekaa watu wanne. Kule ni kama sinia, chakula kimepangwa kwa ajili ya watu. Familia ya meza ya jirani walinionea huruma, baba yao akaja na kibakuli cha mafuta ya ufuta na kitunguu saumu kilichopondwa, akanionyesha nichovye humo nyama kabla ya kula, inapoza. Sahani mbili nikawapelekea wao, wakanipokea vizuri tukamalizia pamoja. Yuan 196, na kesho yake asubuhi sikutoka chooni, nasema ukweli. Beba tishu popote uendapo, vyoo vingi vya umma havina.

Siku mbili za mwisho sikuenda kokote zaidi ya bustani moja, Renmin, ina mgahawa wa chai wa zamani kando ya maji, viti vya mianzi. Kikombe chenye kisahani na mfuniko nililipa 30 na mtu wa birika anapita anaongeza maji ya moto siku nzima. Kuna wanaume wanasafisha watu masikio kwa vijiti virefu na wanapita wakigonga vyuma, ting! Nilikataa, sikio langu nalipenda.

Bibi mmoja akaja kukaa meza yangu bila kuuliza. Akaangalia nywele zangu, nimesuka, akaonyesha kwa ishara anaomba kushika. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimeshapigwa picha na watu sijui wangapi, wengine wanaiba picha kwenye treni, na ilikuwa inanikera hasa nikichoka, ukinikuta hivyo nakugeuzia mgongo. Ila huyu aliomba. Nikainamisha kichwa. Akapita na kidole kwenye mistari yote akihesabu, halafu akatoa mfuko wa mbegu za alizeti akaumwaga katikati ya meza. Kwa simu akaniuliza nina watoto wangapi, nikasema wawili, nafanya kazi gani, nikasema napikia harusi watu mia tano. Simu ilivyosoma mia tano akagoma, nikamwonyesha video ya masufuria yangu na kuni. Akaita wenzake watatu. Wakaitazama ile video mara nne, mmoja akawa anauliza mchele unaingia kabla au baada ya nyama, na hapo sasa tukabishana kwa simu moja mpaka chaji ikaisha.

Yule bibi ndo aliyenipeleka sokoni kununua huajiao, akanusa mifuko mitano akaikataa minne, nikachukua jin moja.

Nyumbani Tanga nikaitia kidogo kwenye pilau ya Ijumaa bila kumwambia mtu, punje chache tu zilizosagwa pamoja na hiliki. Mama akala tonge mbili, akaweka mkono mdomoni. "We mtoto, umemwagia nini humu? Mbona ulimi wangu umelala?" Mjomba wangu yeye hakusema neno, akasogeza sinia upande wake.